Sweta la Masijala

Tuanze na makoti. Usipoyaelewa makoti hutaelewa kwa nini mama mtu mzima, mwenye mjukuu njiani na gongo kwapani, alifika mahali akawavua nguo wakubwa zake mchana kweupe.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya serikali, ghorofa mbili, rangi ya maziwa yaliyolala. Ndani mlikuwa na vyumba, ndani ya vyumba meza, nyuma ya meza viti, na mgongoni mwa kila kiti koti. Mtu ungemkuta kwa bahati. Koti ungelikuta wakati wowote, mvua inyeshe jua liwake, limekaa kwa adabu likisubiri wananchi. Mwananchi akiuliza, "Bwana yupo?" anajibiwa, "Yupo, si unaona koti lake? Ametoka kidogo." Na huo udogo wa kutoka usiuulize. Kuna waliotoka kidogo wakachimba msingi, wakajenga, wakaezeka na kuhamia.

Asubuhi Msimamizi wa mahudhurio alipita korido kwa korido akihesabu. Alikuwa mtu mwaminifu, tumpe haki yake. Zamani kulikuwa na daftari la kusaini, watu wakawa wanasainiana, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Mtu kuandika jina la mwenzake aliona ni dhambi. Koti, alisema, halisemi uongo: lipo au halipo. Basi akihesabu makoti, anarudi mezani kwake, anapiga simu makao makuu, anataja idadi, makao makuu wanasema asante. Miaka nenda miaka rudi, watumishi wa ofisi ile hawakupungua. Waliwahi hata kusifiwa kwenye mkutano.

Mkuu wa Utumishi, kwa kuwa ni mkubwa, alikuwa na makoti mawili: jeusi la kuvaa na la kijivu la kukaa. La kijivu halikuwahi kuondoka ofisini tangu alipopandishwa cheo. Mezani aliacha pia miwani iliyofunguliwa na kalamu iliyovuliwa kifuniko, ili anayechungulia aamini kwamba mkuu amekatishwa katikati ya sentensi. Watu walimwita Makoti Mawili, kwa sauti ya chini, kwa sababu kila mtu anapenda kazi yake.

Wanawake wao waliacha masweta. Na sweta linalotuhusu sisi lilikuwa la Shangazi, karani wa masijala, yaani chumba cha chini kinachotunza mafaili yote ya ofisi pamoja na vitu vilivyookotwa. Lilikuwa na rangi ya damu ya mzee, limefumwa na binti yake wa pekee alipokuwa shuleni, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mwenye sweta aliitwa Shangazi na jengo zima, hata na waliomzidi umri, kwa sababu ya ulimi wake. Ulikuwa ulimi wa shangazi hasa: unakusema mbele ya wageni, halafu unakuuliza kama umekula.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya mwaka kwisha, Shangazi aliingia masijala asubuhi, akatundika sweta kitini, akajipenyeza katikati ya rafu kumtafutia faili mwananchi aliyekuwa akisubiri dirishani. Rafu zile ni za chuma. Zilikuwa zimebeba karatasi tangu enzi za wakubwa ambao hata picha zao zimeshaondolewa ukutani, na skrubu za kuzishikilia ukutani zilikuwa zimeombwa mpaka waombaji wakastaafu. Siku hiyo rafu moja ikachoka. Ikamlalia Shangazi pamoja na mafaili yake yote. Kishindo kilisikika jengo zima. Makoti yote yalisikia, na hata moja halikuinuka.

Waliomtoa walikuwa watatu: mlinzi wa getini, dada mfagizi, na yule mwananchi wa dirishani, ambaye alisaidia kubeba mpaka kwenye gari, kisha akauliza sasa faili lake atalipata lini. Paja lilikuwa limevunjika. Shangazi akalazwa, mguu ukaning'inizwa juu kwa kamba, naye akakaa akitazama dari mpaka mwaka ukaisha na mwingine ukaanza.

Hapo ndipo likizo yake ilipofia. Katika utumishi ule, likizo usiyoila ndani ya mwaka inakufa mwaka ukiisha, hakuna maziko wala matanga. Na Shangazi alikuwa hajaigusa hata siku moja. Alikuwa ameiweka, kama mtu anavyoficha kipande kizuri cha nyama ale mwisho, aende akakae na binti yake huko alikoolewa. Basi akabaki na sahani tupu.

Siku aliyorudi kazini na gongo lake, Msimamizi alimkuta anapangusa meza.

"Nimerudi, baba," Shangazi akasema.

"Umerudi kutoka wapi?"

"Hospitali. Kwani hukusikia?"

"Nilisikia. Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwepo wapi?"

Msimamizi akanyoosha kidole. Sweta lilikuwa pale pale mgongoni mwa kiti, vumbi mabegani. "Nilikuhesabu kila siku. Hukukosa hata mara moja. Mhasibu alipeleka koti lake kwa dobi nikamhesabu mgonjwa, lakini wewe, hapana. Tena umo katika wanaopendekezwa kupewa cheti cha mahudhurio mema."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Jengo zima lilicheka wiki ile. Mshahara wake nao ulikuwa umeingia bila kukosa, na mshahara ukishaingia hakuna anayeuuliza umepita njia gani. Sasa ngoja. Daktari akamwandikia mazoezi ya mguu, kila siku, kwa wiki kadhaa. Shangazi akapanda ngazi kwa gongo kuomba ruhusa ya ugonjwa. Akajibiwa kwa upole kabisa kwamba mtu hawezi kupewa ruhusa ya kupona kama kumbukumbu hazionyeshi kwamba aliugua. Akitaka mazoezi, atumie likizo yake ya mwaka huu. Akaitumia, ikaisha yote, na kile kicheko kikaisha nayo.

Halafu binti akapiga simu. Alikuwa mjamzito, baada ya miaka ya kusubiri na ya kuulizwa na mawifi kama kuna habari. Daktari amemwamuru alale kitandani, asinyanyue hata ndoo. Mumewe ni dereva wa lori, na wiki hizo alikuwa safarini ng'ambo ya mpaka. Hospitali ingemlaza siku za mwisho, lakini kwa sharti moja: aje na mtu wa kukaa naye, maana wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi.

"Mama, utakuja?"

"Nitakuja, mwanangu. Nisipokuja mimi atakuja nani?"

"Lini?"

"Wewe tulia."

"Mama, usiniambie nitulie. Nimelala hapa tangu asubuhi, kazi yangu ni kutulia. Niambie lini."

Shangazi alihesabu likizo iliyobaki akapata sifuri. Angeweza kuacha sweta kitini atoroke kama wakubwa, ndiyo. Lakini mdogo akigundulika ametoroka anafukuzwa, na yeye alikuwa karibu na kustaafu kiasi kwamba alishaanza kuota harufu ya bustani yake. Wiki hiyo hiyo, kama uliotumwa na Mola, ukashuka waraka kutoka makao makuu: mtumishi aliyepoteza likizo kwa sababu ya kuumia kazini arudishiwe likizo yake yote, mara kamati itakapojiridhisha. Dada mfagizi alilia kwa furaha. Shangazi alianza kukunja nguo. Wote wawili walikuwa hawajalitazama vizuri lile neno kujiridhisha.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Makoti Mawili mwenyekiti, mwanasheria wa ofisi na mhasibu. Mara ya kwanza haikukaa kwa sababu wajumbe wote walituma makoti. Idadi ilitimia, ila hakukuwa na wa kufungua kikao. Shangazi alikaa peke yake kwenye chumba cha mikutano akitazamana na makoti matatu mpaka chai ikapoa. Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa koti la mhasibu lilikuwa kwa dobi. Mara ya tatu wakaja wenyewe, kwa kuwa kulikuwa na posho ya kikao, na posho hailipwi kwa koti. Hilo serikali ilikuwa imelifikiria.

"Karibu, Shangazi," alisema Makoti Mawili. "Pole na mguu."

"Nimepoa, mkuu."

"Unadai uliumia kazini ukalazwa, likizo ikakupita."

"Sidai, mkuu, nasema. Cheti cha hospitali hicho mbele yako."

Mwanasheria akakigeuza cheti, akakinusa kidogo. "Hiki kinathibitisha kwamba mguu ulivunjika. Hakithibitishi kwamba hukuwa kazini."

"Sasa mwanangu, mguu ulikuwa hospitali, mimi nilikuwa wapi?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta."

Wakamwita Msimamizi. Msimamizi akasimama wima, akasema ukweli wake wote: kila siku alipita, kila siku alimwona. Alimwona yeye? Aliona sweta. Je, katika miaka yake yote ya kazi, kuna tofauti kati ya kuona sweta na kuona mtu? Hapana, akasema Msimamizi, haijawahi kuwepo. Wakauliza mashahidi wa ajali. Mlinzi si mtumishi, ni wa kampuni. Dada mfagizi ni kibarua, ushahidi wake hauingii. Mwananchi wa dirishani hajulikani alipo, lakini faili lake liko chini ya rafu mpaka leo.

"Na watumishi wengine?" Shangazi akauliza. "Jengo zima lilisikia kishindo."

Watatu wale wakakohoa kwa pamoja. Maana siku ile, saa ile, mhasibu alikuwa kwenye duka lake la vipuri, mwanasheria alikuwa akimtetea mteja wake binafsi mahakamani, na mwenyekiti alikuwa kwenye mabanda yake ya kuku. Makoti yao yalikuwepo. Lakini koti halitoi ushahidi.

"Nyie wanangu," Shangazi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, "tusizungushane. Sweta ni uzi. Amelifuma mtoto wangu. Lilikuwa kitini kwa sababu aliyelitundika alibebwa akiwa anapiga kelele za maumivu, hakukumbuka kulichukua. Andikeni hivyo tu: sweta si mtu. Sentensi moja. Nikamtunze mwanangu mjamzito."

 Kila mjumbe aliangalia bega lake mwenyewe. Waandike kwamba sweta si mtu? Wakishaandika hivyo, koti nalo je? Kesho mkaguzi atakuja na sentensi hiyo mkononi, apite kila chumba akiuliza. Makoti Mawili aliona mabanda yake, kuku mmoja mmoja, wakitazamana naye. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wale hawakuwa na haja ya kuzaa. Walikuwa na haja ya kuficha.

Uamuzi ukasomwa. Kwanza: kwa kuwa mwombaji alikuwa kazini muda wote kama inavyothibitishwa na sweta, hakupoteza likizo kwa kuumia bali kwa uzembe wa kutoiomba, na ombi limekataliwa. Pili: kwa kuwa mwombaji mwenyewe amekiri kwamba sweta lake lilikuwa kazini bila yeye, jambo ambalo ni udanganyifu, kuanzia leo sweta hilo halitahesabiwa. Atahesabiwa yeye mwenyewe, mwili wake, kila asubuhi.

Usiniulize la kwanza na la pili yamekaaje nyumba moja. Mwanasheria aliulizwa, akasema ndivyo sheria ilivyo. Kwa hiyo katika jengo lote la ghorofa mbili, Shangazi mwenye mguu mmoja na nusu akawa mtu pekee anayetakiwa kuwepo.

Jioni binti akapiga tena. Nafasi ya kulazwa imepatikana, wamempa mpaka Jumatatu, asipokuja na mtu wanampa mwingine. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Haya mama, kazi ni kazi," akakata simu.

"Si uache sweta uende zako kama wenzio?" dada mfagizi alimuuliza kesho yake, wamekaa masijala, ndoo ya maji katikati yao.

"Sweta langu limefungiwa, mdogo wangu. Lingehesabiwa ningekuwa nimeshafika."

"Yaani wao makoti yao yahesabiwe, lako lisihesabiwe."

"Lao ni makoti. Langu ni udanganyifu."

Walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Macho ya Shangazi yakaenda kwenye kona ya masijala, kwenye rafu ya vitu vilivyookotwa. Palikuwa na miavuli, kiatu cha mguu wa kushoto, na meno ya bandia ambayo mwenyewe hakuthubutu kurudi kuyadai. Juu ya rafu palikuwa na kibao cha zamani, rangi imebanduka: kitu chochote kitakachokutwa kimeachwa ofisini baada ya saa za kazi, mwenyewe hayupo, kipelekwe masijala kitunzwe mpaka mwenyewe afike kukitambua. Aliketi chini ya kibao kile miaka yote, na siku hiyo ndipo alipokisoma.

"Dada," akasema, "lile toroli la mafaili magurudumu yake yanazunguka?"

"La kushoto linalia kidogo."

"Lipake mafuta."

Saa za kazi zilipokwisha walianza ghorofa ya juu. Dada mfagizi alikuwa na funguo za vyumba vyote, kwa sababu anayefagia ndiye anayefungua. Walivua viti koti moja baada ya jingine, na masweta nayo, kwa heshima, wakikung'uta vumbi. Mengine yalikuwa yamekaa sana mpaka yameacha kivuli kwenye ngozi ya kiti. Katika la mwanasheria mlikuwa na buibui mwenye familia. Lile la kijivu lilikataa kidogo kutoka, likachanika kwapani, nalo likatoka. Shangazi alichechemea nyuma ya toroli akisema, "Pole bwana, twende, shuka taratibu." Waliyatundika masijala, kwenye rafu ile ile iliyomvunja, ambayo sasa ilikuwa imefungwa ukutani kwa kamba. Akafunga mlango, akatia ufunguo kifuani.

Asubuhi Msimamizi akapita. Chumba cha kwanza, kiti kitupu. Cha pili, kitupu. Alipanda juu akishika ukuta. Kwa Mkuu wa Utumishi kulikuwa na miwani na kalamu tu, na kiti kilionekana uchi kiasi kwamba aligeuza uso. Akashuka hadi masijala, akamkuta Shangazi nyuma ya dirisha, sweta limemkaa mwilini, anakunywa chai. Akamhesabu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, akaenda akapiga simu makao makuu akataja idadi.

"Wangapi?" makao makuu wakauliza.

"Mmoja."

"Mmoja kati ya wangapi?"

"Mmoja tu, bwana. Yule mwenye gongo."

Makao makuu hawakusema asante. Walisema mpaka saa sita wanataka maelezo, la sivyo atakuja mtu. Habari ikaruka. Haijulikani ni nani alimpigia nani, lakini kabla chai ya Shangazi haijaisha waliingia watu ambao mlinzi ilibidi awaulize wanamtafuta nani. Mmoja alikuwa na saruji mpaka kwenye nyusi. Mhasibu alikuja na bomba la breki mkononi. Makoti Mawili alishuka garini amevaa koti jeusi na manyoya ya kuku kwenye nywele. Wote wakajipanga dirishani pa masijala, mahali ambapo wananchi huambiwa waje kesho.

"Shangazi," Makoti Mawili akasema kwa sauti ya chini, "niletee koti langu la kijivu."

"Habari za asubuhi, baba. Nani anayeliomba?"

"Mimi. Mkuu wa Utumishi."

"Mkuu wa Utumishi yupo ndani. Nimemtundika mwenyewe jana."

"Shangazi, sina muda."

"Sikukatalii, baba, nauliza tu. Kamati yako imesema lilipo vazi ndipo alipo mtu. Wewe umekaa humu ndani kwenye rafu, umechanika kidogo kwapani, nitakushona. Sasa huyu anayesimama nje, mwenye manyoya kichwani, ni nani? Nisije nikampa mgeni mali ya mkuu."

Nyuma yake foleni ilisogea karibu. Ghorofani simu ilikuwa inalia, na kila mtu alijua inatoka wapi.

"Lile ni koti," Makoti Mawili akasema.

"Sema kwa nguvu kidogo, masikio ya utu uzima haya."

"Nasema lile ni koti tu. Ni kitambaa. Mimi ndiye huyu."

"Na lilipokuwa kitini, miaka yote hii, wewe ulikuwa wapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Simu ikalia tena. "Nilikuwa nje," akasema, na jasho likamtoka mtu mzima. "Kwenye kuku wangu."

Pembeni, Msimamizi alikuwa ameegemea ukuta. "Kwa hiyo mimi," aliuliza, na hakumuuliza mtu yeyote, "umri wangu wote nimehesabu nguo?"  Shangazi alimwonea huruma kweli, lakini huruma ilibidi isubiri zamu yake.

"Haya," akasema. "Mwenyekiti upo. Mwanasheria yule pale, mhasibu anajificha nyuma ya mwenye saruji. Kamati imetimia, na leo imetimia kwa miili. Kaeni."

"Hapa koridoni?"

"Mimi mlinibeba koridoni hapa hapa. Si nyie, samahani. Walionibeba ni kibarua, mlinzi na mwananchi. Kaeni."

Walikaa kwenye benchi la wananchi, ambalo lina mguu mmoja mfupi, na kila mmoja aliposogea wenzake waliyumba. Kikao kilichukua muda wa kumenya chungwa. Kamati ikaona kwamba sweta si mtumishi. Mwanasheria akadai kuongeza maneno "kwa madhumuni ya shauri hili pekee, wala isichukuliwe kuwa kanuni kwa mavazi mengine," na Shangazi akamwachia, maana mtu anayekimbia nyumba inayoungua haulizi mapazia. Mwombaji aliumia kazini, likizo yote iliyokufa ifufuliwe, na ianze leo. Wakatia saini wakiwa wamesimama. Ndipo ufunguo ukatoka kifuani, na makoti yakarudi kwa wenyewe, na kila mwenye koti alipanda nalo mbio mpaka kitini.

Ilipofika saa sita Msimamizi alihesabu upya, akapiga simu, makao makuu wakasema asante. Ilipofika saa nane jengo lilikuwa limenyamaza, makoti yamekaa kwa adabu, na mkuu ametoka kidogo. Ulitegemea nini? Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba koti la kijivu sasa lilikuwa limechanika kwapani, na Shangazi alikuwa ameshika njia na begi lake, sweta mwilini.

Alifika Jumapili. Binti alikuwa amelala ubavu, uso umevimba, na mama alipomkaribia alimshika tu ule mkono mrefu wa sweta akaufinyanga kama mtoto. Kesho yake wakampeleka kulazwa. Shangazi alilala sakafuni kando ya kitanda, mguu ukimuuma mpaka kwenye meno, akigombana na wauguzi kwa nini shuka ni moja. Siku ya tatu mtoto akaja, wa kike, mdogo, mwenye hasira tayari. Wodini palikuwa na baridi na mablanketi yalikuwa yamekwisha. Shangazi akavua sweta, akamviringisha mjukuu, akafunga mikono ya sweta kwa mbele, mmoja mrefu mmoja mfupi.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya ofisi.

"Shangazi, hongera, nimesikia," alisema Msimamizi. "Samahani kukusumbua. Wameniambia niendelee kuhesabu kama zamani. Sasa nimepita kwako, kiti kitupu. Najua umepewa likizo, lakini leo wanataka idadi ya nguo tu, na yako siioni. Sweta liko wapi?"

Shangazi akamtazama mjukuu wake. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka ndani ya uzi wa damu ya mzee.

"Lipo kazini," akasema. "Tena waambie leo lina mtu ndani."